Tulivyopanda Mungomi wa Kolo Pamoja na Mama Mkwe

Usiku wa kuamkia safari, mama mkwe wangu alipotangaza kwamba naye angekuja mlimani, mume wangu aliweka kikombe chake chini na kumtazama bila kusema neno. Mama ana umri wa miaka 68, goti lake la kushoto humsumbua kila kipupwe kinapoingia, na ingawa amezaliwa na kuolewa Kondoa, hakuwahi hata siku moja kupanda kuiona michoro ya miambani ya Kolo ambayo wageni huvuka bahari kuja kuitazama. Jibu lake kwa wasiwasi wetu lilikuwa fupi. Wajukuu wametoka Mombasa, nchi nyingine kabisa, kuja kuuona mlima wa kwao, na haifai wapelekwe na mgeni kana kwamba hawana bibi.

Tulikuwa tumeondoka Mombasa siku tatu kabla ya hapo, shule zilipofungwa mwezi wa Agosti. Tulivuka mpaka Holili, tukalala Arusha, na kesho yake tukapanda basi linalopitia Babati kuelekea Dodoma, tukateremka Kondoa jua likiwa linazama. Kwa watoto wangu watatu ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje ya Kenya, na kilichowashangaza zaidi hakikuwa mlima Meru wala tambarare za njiani, bali kuona kuwa kila mtu, kuanzia afisa wa mpakani hadi muuza mahindi ya kuchoma, aliwasemesha Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Binti yangu mwenye miaka tisa aliniuliza kama huku shuleni kuna adhabu ya kuzungumza Kiswahili. Nilipomwambia kwamba hapa masomo ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, alinyamaza kwa muda mrefu akitafakari.

Asubuhi ya safari yetu kulikuwa na baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu anayefanya kazi Dodoma mjini, alikuwa amefika usiku na gari la juu linaloweza kuhimili mchanga na mawe, pamoja na kasha la zabibu za Dodoma ambalo watoto walilimaliza nusu kabla ya chai. Tulipakia viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, chapati na maji ya kutosha. Mama alitoka chumbani amevaa raba za mjukuu wake mkubwa, kanga mbili amejifunga imara, na mkononi ameshika fimbo nyeusi ya marehemu baba mkwe. Nilidhani ameichukua kwa ajili ya goti lake. Alimkabidhi mwanangu mdogo mwenye miaka sita na kumwambia kwamba mwanamume wa Kirangi, kabila lao, hapandi mlima mikono mitupu.

Kijiji cha Kolo kiko kaskazini mwa mji wa Kondoa, mwendo wa kilomita ishirini na ushei kwa barabara ya lami, ile ile ambayo enzi za ukoloni ilihesabiwa kuwa sehemu ya njia ndefu ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Kando ya barabara ipo ofisi ya mambo ya kale yenye jumba dogo la makumbusho, na ni lazima mgeni apite hapo, alipie na kupewa mtu wa kumwongoza. Mwongozaji wetu alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusubiri swali liulizwe mpaka mwisho kabla ya kulijibu. Alitueleza kwamba eneo lote lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006 lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na kwamba mapango na miamba yenye michoro inayofahamika ni zaidi ya 150, iliyotawanyika kwenye ukingo wa miinuko inayotazama bonde la ufa. Kwa siku moja, alisema, mtu mwenye watoto aridhike na mlima mmoja. Tuliridhika na Mungomi wa Kolo.

Kutoka kijijini hadi chini ya mlima ni kilomita kama tisa za njia mbaya. Tulivuka mto ambao mwezi huo ulikuwa mchanga mtupu, na katikati yake wanawake walikuwa wamechimba visima vifupi, wakichota maji kwa kata na kuyamimina kwenye ndoo polepole ili yasitibuke. Baada ya hapo yalianza makorongo. Nilikuwa nimeyasikia makorongo ya Kondoa kutoka kwa mume wangu tangu tulipooana, lakini sikuwahi kufikiria mpasuko wa ardhi nyekundu ambao gari letu lingeweza kutumbukia lote na paa lake lisionekane. Mama alisema kwamba alipokuwa msichana vilima hivi vilikuwa vipara, udongo ukishuka na kila mvua na kufukia mashamba ya mabondeni. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wenyeji wote wanauita HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, kilomita za mraba 1,256, ili majani na miti ipate kupumua. Mama anakumbuka ng'ombe wa baba yake wakiondoka alfajiri kupelekwa kwa ndugu wa mbali, na mama yake akiwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa ambacho hakingekuwa na kazi tena. Alilisimulia jambo hilo bila uchungu, akituonyesha kwa kidole miti iliyofunika vilima vile vile. Mimi, niliyezaliwa mahali ambapo miti hukatwa ili kujengwa nyumba, sikuwa nimewahi kukutana na mtu aliyeona msitu ukirudi.

Tuliliacha gari chini ya mti na kuanza kupanda. Njia si ndefu, lakini ni ya mwinuko mkali, na sehemu nyingine mtu hulazimika kushika jiwe kwa mkono ili kujivuta. Majani yalikuwa makavu, ya rangi ya dhahabu iliyofifia, na pimbi walikuwa wameota jua juu ya majabali, wakitutazama bila hofu mpaka tulipowakaribia sana. Mwanangu mkubwa, ambaye ana miaka kumi na mitatu na haraka ya umri huo, alitangulia mara tatu na mara tatu akaitwa arudi, kwa sababu mwongozaji aliweka sharti kwamba Mama ndiye atakayetangulia na hakuna wa kumpita. Mwanzoni niliona sharti hilo ni la heshima tu. Tulipofika katikati ya mlima nilikuwa nimeshaelewa faida yake nyingine: mwendo wa Mama ulikuwa wa hatua kumi na pumziko moja, na katika kila pumziko tuliona kitu ambacho tusingekiona. Tuliona kinyesi cha nungunungu, kiota cha nyuki ndani ya ufa, na mbuyu mmoja uliosimama peke yake bondeni bila jani hata moja. Mume wangu alinikumbusha kwamba hii ndiyo tofauti ya kutembea na kufika, na tangu hapo hakumhimiza mtoto yeyote.

Karibu na kilele, mahali ambapo mwamba unajitokeza kama upenu wa nyumba, mwongozaji alisimama, akavua kofia na kusema maneno machache ya Kirangi kwa sauti ya chini. Mama aliitikia. Nilimwuliza kilichosemwa, naye akanijibu kama anayemjibu mtu aliyeuliza jambo lililo wazi.

"Anabisha hodi, mwanangu. Kwa watu huingii tu."

Watoto walipenda sana jambo hilo na wote watatu wakaita hodi kwa pamoja. Mdogo akauliza ni nani atakayesema karibu. Kulikuwa na ukimya mfupi, na mwongozaji alionekana akitafuta jibu, lakini Mama alikwisha kupita mbele, akageuka kutukabili akiwa chini ya upenu ule, akasema, "Karibuni." Yeye ndiye mwenyeji, na sikuwahi kumwona akiwa na furaha ya namna ile.

Ni vigumu kuieleza michoro yenyewe kwa mtu ambaye hajaiona, kwa sababu mtu anapofika haoni kitu. Anaona mwamba wa kijivu wenye madoa ya kutu. Jicho linahitaji dakika kadhaa kuzoea kivuli, ndipo doa moja linapopata miguu, la pili shingo, na ghafla ukuta wote unajaa viumbe. Kuna tembo, kuna twiga, kuna pofu, yule swala mkubwa, mwenye nundu na pembe zake, na katikati yao kuna watu warefu, wembamba kupita kiasi, miguu yao kama nyuzi na vichwa vyao vikubwa vya mviringo kama nywele zilizosukwa na kutuna. Nilisogea mpaka pua yangu ikawa shubiri mbili kutoka kwa mmoja wao. Mwili wake haukupakwa rangi yote, bali ulijazwa kwa mistari myembamba iliyopangwa sambamba, mingine si minene kuliko unywele wa mkia wa punda, na hakuna mahali ambapo mkono wa mchoraji ulitetemeka. Rangi hiyo nyekundu ni udongo wenye madini ya chuma, na inaaminika ulisagwa na kuchanganywa na mafuta ya wanyama. Waliochora kwa mtindo huu walikuwa wawindaji na waokota matunda, na wataalamu wengi wanawahusisha na mababu wa Wasandawe, ambao mpaka leo wanaishi upande wa magharibi, Kwa Mtoro na vijiji vyake, na ambao lugha yao ina sauti za kudatisha ulimi.

Mwongozaji alitukumbusha kwamba katika nchi hii ya Kondoa na jirani zake hukutana lugha za jamaa nne zisizo na undugu: Warangi wanasema lugha ya Kibantu, Waburunge ya Kikushi, Wabarbaig ya Kinilotiki, na Wasandawe wenye lugha yao ya pekee. Binti yangu akataka kujua hao wote huzungumza nini wanapokutana sokoni. Alijibiwa kuwa huzungumza Kiswahili.

Katika moja ya mapango ya mlima ule upo mchoro ambao ulituweka kwa muda mrefu kuliko mingine yote. Ni watu watano waliosimama kwa mstari. Wa katikati ni mwanamke, na kila upande wake wapo wawili, kana kwamba anavutwa huku na huku. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey, aliyepiga kambi huku mwaka 1951 pamoja na mumewe Louis na kunakili mamia ya michoro kwa mkono, aliona ndani yake utekaji: wawili waliojifunika nyuso wanambeba mwanamke na wenzake wawili wanamng'ang'ania. Wataalamu waliokuja baadaye wakasema la, huenda hiyo ni ngoma ya uganga inayofanana na simbo ya Wasandawe, na mtu wa katikati amepandwa na hali ambayo lazima ashikiliwe asianguke. Mwongozaji hakutuambia maelezo hayo mapema. Alituuliza kwanza sisi tunaona nini. Mwanangu mkubwa aliona ugomvi. Binti yangu aliona watu wanacheza. Mdogo alisema kwamba wanapiga picha. Mama alisogea, akainama kadiri goti lilivyomruhusu, akatazama kwa muda mrefu kuliko sisi sote, kisha akasema kwamba mwanamke huyo anasaidiwa kusimama, kwa sababu ndivyo walivyomshika yeye wenzake wanne siku alipomzaa mume wangu, walipokuwa wakimtembeza uani uchungu ulipochelewa.

Nimesoma maelezo ya wasomi kadhaa tangu siku hiyo na ninayaheshimu yote. Hata hivyo kila ninapoukumbuka mchoro ule ninauona kwa macho ya Mama, na sioni sababu ya kuamini kwamba aliyeuchora angemcheka.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo lingeweza kutuharibia siku. Mwanangu mkubwa, akitaka kupiga picha kwa simu, aliona rangi imefifia, na kwa kuwa aliwahi kuona kwenye intaneti watu wakinyunyizia mwamba maji ili michoro ing'ae, alifungua chupa yake. Mwongozaji hakupaza sauti. Aliushika mkono wa mtoto kwa upole, akamsogeza hadi mahali pengine kwenye ukuta na kumwonyesha ukoko mweupe uliofunika nusu ya mnyama. Akamweleza kwamba maji hung'arisha rangi kwa dakika chache, lakini yanapokauka huvuta chumvi kutoka ndani ya jiwe na kuiacha juu, na chumvi hiyo haiondoki tena bila kuondoka na mchoro. Vidole vina mafuta, nyayo zinatimua vumbi, na vumbi hukaa juu ya rangi. Mnyama yule alikuwa amedumu miaka mingi sana mpaka alipokutana na wageni wenye chupa za maji na nia njema. Mwanangu aliifunga chupa, na kuanzia hapo alitembea kwa kunyanyua miguu kana kwamba sakafu ina mayai. Nililiona jambo hilo na sikumwambia lolote, ila ninaliandika hapa kwa ajili ya wazazi wengine wanaokusudia kwenda: waelezeni watoto habari ya maji kabla hamjapanda.

Juu ya michoro myekundu, mahali pengine ikiipita na kuifunika, ipo michoro mingine myeupe, minene, iliyopakwa kama kwa kidole. Hiyo ni ya karibuni zaidi na inahusishwa na wakulima wa Kibantu waliofika baadaye, yaani jamaa za Mama mwenyewe. Binti yangu hakuipenda na akasema wazi kwamba hao waliharibu kazi ya wenzao. Mwongozaji hakumpinga wala hakumkubalia. Alimwambia tu kwamba huko Kisese, katika milima hii hii, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, baadhi yake zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 40,000, kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kudai kuwa wa kwanza kufika. Binti yangu aligusa shanga zake za shingoni, na sikusikia neno lake mpaka tulipoketi kula.

Ninataka kusema jambo moja kuhusu matambiko, kwa sababu nimeona watalii wengine wakilizungumza kwa dharau. Mungomi si makumbusho. Wazee bado hupanda hapo kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa, na katika ibada hizo hunyunyiza pombe ya nafaka kwenye miamba. Wahifadhi wana wasiwasi, na wasiwasi wao ni wa haki, kwa sababu pombe nayo ni kimiminika na mwamba hautambui nia ya anayemimina. Mimi ni Mwislamu niliyelelewa karibu na msikiti, na sina fungu katika ibada hiyo. Lakini nilipokaa pale nilijiuliza ni nani aliyeutunza mlima huu kabla serikali yoyote haijauwekea bango, ni nani aliyewakataza watoto kuchezea mapangoni na wakata miti kupanda na mashoka, na jibu lilikuwa hawa hawa wazee. Mahali panapoogopwa hupumzika. Naamini kabisa kwamba mapatano yanawezekana, pombe ikamiminwa mahali ambapo hapana michoro, na wazee wakahesabiwa kuwa wenye nyumba badala ya wavamizi. Mama alipoulizwa na mume wangu ana maoni gani, alisema kwamba yeye huswali swala zake tano na mvua humwomba Mungu, ila marehemu baba yake alikuwa akivua viatu alipopita chini ya mlima huu, naye hawezi kumwona baba yake kuwa mjinga.

Tulikula chini ya jabali, mbali na michoro, tukiitazama nchi iliyotandazwa chini yetu hadi macho yakachoka. Viazi vilikuwa vimepoa na hakuna aliyejali. Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, kama ilivyo kawaida kwa magoti, na shemeji alimshika Mama mkono mmoja na mume wangu mwingine, huku mimi nikitangulia kumwonyesha pa kukanyaga. Tulikuwa tumeshafika nusu ya njia wakati mwanangu mkubwa aliponivuta nguo na kuniambia nigeuke nitazame. Mama alikuwa katikati, mtoto wa kiume kila upande, na nyuma yao watoto wawili wamemshika kanga.

Tuliondoka Kondoa siku nne baadaye kwa basi la alfajiri. Tulipokuwa tukipita Kolo bado kulikuwa na giza na watoto wote walikuwa wamelala, kwa hiyo hakuna aliyeuaga mlima isipokuwa mimi na mume wangu. Mama alipiga simu tukiwa tunaingia Babati. Aliuliza kama tumevaa masweta, kama mdogo ametapika, na kama chapati zimetosha. Mdogo akaamka, akaomba simu, na jambo la kwanza alilouliza ni kuhusu fimbo. Bibi yake akamwambia kwamba ameisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chake, wala hatamruhusu mtu mwingine kuishika.